Kumwita Asiyekuwapo Jukwaani

Juzi mlinialika kutazama mchezo wenu, mkaniketisha safu ya mbele kama bibi arusi, mkanipa soda baridi. Mlipomaliza mkanizunguka, kila mmoja akitaka nimwambie alivyocheza. Nikasema, "Hongereni, wanangu," nikatwaa mkoba wangu nikaenda zangu. Mwenzenu mmoja akanifuata hadi langoni.

"Bibi, mbona unaondoka kama mtu aliyeogopa?"

Nilikuwa nimeogopa kweli. Ndiyo sababu naandika.

Mchezo wenu ni wa wachumba wawili, mmoja Malindi, mmoja kaenda kutafuta kazi Arabuni. Binti amesimama huku na simu yake, kijana kasimama kule na yake, wanaambiana "nina hamu nawe" huku wakitazamana machoni. Kisha binti analia. Kisha kijana analia. Bahari yote ile, wanangu, mmeikausha kwa simu mbili! Hilo halikunitisha, lilinichekesha kidogo, mnisamehe. Kilichonitisha ni pale mlipozima taa upande wa kijana, naye binti akabaki anamwita mtu asiyekuwapo, na upande wa pili kimya. Hapo ndipo mwili uliponiingia baridi. Nimewahi kusimama mahali hapo. Nitawaeleza, lakini kwanza nieleze kazi, maana bila kazi hamtaelewa hofu.

Mimi nimekuwa mke wa mtu aliye mbali, jukwaani, kwa miaka mingi kuliko nilivyokuwa mke wa mtu aliye karibu, nyumbani. Kwetu ni Magarini. Nilianza kwa kuwachezea wageni ngoma katika hoteli za Bofa, nimevaa hando, sketi yetu ya marinda, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Huko ndiko alikonikuta Fundi Athumani. Alikuwa fundi cherehani wa mji wa kale, Malindi, mwembamba kama uzi wake mwenyewe, futi kamba shingoni hata siku ya Idi. Mchana alishona kanzu, jioni alitushona sisi. Michezo yake aliiandika nyuma ya karatasi za kukatia nguo, hata ukisoma maneno ya mkwe unakutana na mstari wa kwapa.

Aliniambia, "Binti, wewe unacheza ngoma vizuri, lakini ukisimama kimya unacheza vizuri zaidi. Njoo."

Mume wangu wa jukwaani alikuwa Mutua, mtu wa bara, Mkamba, mhudumu wa mezani katika hoteli moja Kikambala. Alikuwa mpana wa kifua, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake kilimtia Fundi homa. Katika mchezo jina lake Bakari, baharia aliyekwenda ng'ambo asirudi, na mimi ni Mwanaidi, mkewe. Siku ya kwanza Mutua alisimama akanyoosha mkono, akasema kwa sauti nene, "Mwanaidi! Mimi nakumbuka wewe sana!"

Fundi akashika kichwa. "Nakukumbuka! Na-ku-kumbuka! Kiswahili kina mlango, Mutua, usipitie dirishani."

"Sawa, Fundi. Nakukumbuka wewe sana."

Tulihangaika naye mwezi mzima. Mwishowe Fundi alikuja asubuhi moja ana furaha, kwani alikuwa ameota dawa. "Mwacheni aseme vivyo hivyo," alisema. "Bakari amekaa ng'ambo miaka, ulimi wake umeanza kuisahau kwao. Mke anamsikia mumewe anavyopotea neno kwa neno." Tangu hapo, kila Mutua alipokosea, mimi kama Mwanaidi nilirudia neno lake polepole, kwa usahihi, nikiwa peke yangu upande wangu, kama anayelitengeneza na kulirudisha. Watu walikuwa wakinyamaza kabisa hapo. Kosa la mtu wa bara likawa ndilo jambo la uchungu kuliko yote katika mchezo. Basi msikimbilie kumfuta mwenzenu alivyo. Tafuteni mahali pa kumweka.

Mchezo wenyewe tuliuonyesha kwanza kwetu Magarini, uwanjani, jua la saa nane, watu wameketi juu ya magunia. Mama yangu alikuja na shoga zake. Mimi huku, Mutua kule, tunatazamana, tunanyoosheana mikono kama nyinyi juzi. Nikasema kwa uchungu wote niliokuwa nao, "Ewe Bakari, bahari hii itatutenga hata lini?"

Mzee mmoja akainuka, fimbo mkononi. "Mama! Mumeo si huyo hapo? Vuka basi ukamshike, jua linatuua!"

Uwanja wote ulianguka kwa kicheko. Mama yangu ndiye aliyecheka mwisho. Mimi nilikuwa nalia machozi ya kweli, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kucheka.

Fundi hakusema neno mpaka tulipofika kwake. Akatutandikia mkeka, akatumiminia chai, ndipo akasema, "Yule mzee ana haki. Mlimwambia mko mbali, macho yake yakamwambia mko karibu. Mtu huamini macho kwanza." Akachukua chaki akachora mstari sakafuni. "Kuanzia leo hakuna kutazamana. Kadzo, mumeo yuko wapi?"

Nikaonyesha juu.

"Mbinguni? Amekufa?"

Nikaonyesha mlangoni.

"Mlangoni ndiyo. Chagua bawaba moja ya mlango wa nyuma ya ukumbi. Huyo ndiye mumeo. Na usimtazame daima. Mtu aliyezoea kungoja hatazami mlango. Anafanya kazi, na mlango unamtazama yeye."

Maneno hayo nimeyala kama chakula maisha yangu yote. Alitukataza kulia. "Ukilia wewe, waliolipa kuketi watafanya nini?" Alitukataza barua jukwaani, alisema barua ni uvivu wa mwandishi. Akanipa kazi za mikono. Mwanaidi anapakua chakula, anapakua sahani mbili kwa mazoea, anaiona ya pili, anakirudisha chakula chunguni kijiko kwa kijiko asimwage hata punje. Hasemi kitu. Kule Mambrui niliwahi kuona wanawake watatu wakatoka nje kwa ajili ya ile sahani.

Lakini jambo lililoushika mchezo wetu lilikuwa kinu. Mwanaidi anatwanga mpunga Malindi. Bakari, ng'ambo, anapiga nyundo kwenye chuma cha meli, anabandua kutu. Hawaonani, hawasikiani, kila mtu na kazi yake. Mchi wangu unashuka mara mbili, naacha nafasi. Nyundo yake inaingia katika ile nafasi. Tu-tu, ngo. Tu-tu, ngo. Hatukuwahi kuonyesha kwamba tunajua. Watazamaji ndio waliojua, nasi hatukujua, na hapo ndipo walipotupenda. Siri ni nafasi. Ukiijaza wewe mwenyewe, mwenzio hana pa kuingilia.

Kufanya mazoezi ya kutoonana ni kazi ngumu kuliko ya kukumbatiana. Tulipeana migongo kwa wiki nyingi tukijifunza kusikilizana pumzi. Nilifika mahali nikamjua Mutua kwa kuvuta pumzi kwake tu, kama ana njaa, kama mteja wa hoteli amemtukana asubuhi ile. Tena hatukuwa na lolote zaidi ya hilo, msianze kunong'ona. Alikuwa na mke na watoto kwao bara, hakuwaona ila likizo. Nadhani ndiyo maana alicheza vile. Mimi nilikuwa nikiigiza kungoja, mwenzangu alikuwa anangojwa.

Sasa niingie kwenye hofu.

Nyinyi mmezaliwa mkakuta watu wanasema watakalo hata wakikosea. Miaka ile ya themanini haikuwa hivyo. Mtu alitazama nyuma kabla ya kutaja bei ya sukari. Mchezo ulihitaji kibali, na maneno yote yalipelekwa ofisini yakasomwe na mtu ambaye hakuwahi kucheka mbele yetu. Katika kila ukumbi waliketi askari kanzu, wale wasiovaa sare. Tuliwajua kwa sababu hawakuja na wake wala watoto, na hawakuchekeshwa. Fundi alikuwa akinong'ona, "Kanzu zote za mji huu nashona mimi, lakini hao sikuwashonea." Tulicheka, lakini tulichekea tumboni.

Tulipewa kibali cha kucheza Jumamosi mbili, alasiri, katika ukumbi wa mji ambao sitautaja. Kuta zile bado zipo, na watu wake wapo. Yatosha mjue kwamba ukuta wa nyuma ya jukwaa lile ulikuwa ndio ukuta wa vyumba vya nyuma vya kituo cha polisi.

Jumamosi ya kwanza ukumbi ulijaa. Mchezo ulikwenda kama mafuta. Karibu na mwisho kuna mahali Bakari anaweka nyundo chini, anafuta jasho, anasema, "Vumilia, Mwanaidi. Siku zitageuka, nami nitarudi." Mutua aliyasema vizuri kuliko siku zote. Mtu mmoja katikati ya ukumbi akapiga makofi. Kisha wengi. Kisha ukumbi mzima, makofi marefu ambayo hayakuwa ya Bakari. Nilisikia tofauti yake, nikiwa na mchi mkononi.

Hatukuwa tumevua nguo za mchezo walipoingia wawili, suti za mikono mifupi, wapole kabisa.

"Hamjambo. Aliyesema siku zitageuka ni nani?"

Fundi akasogea. "Ni Bakari, bwana. Ni mtu wa mchezo tu."

"Siku gani zitageuka?"

"Za Bakari, bwana. Za baharia. Anataka kurudi kwa mkewe. Ofisini waliyasoma."

"Sawa. Tunamhitaji huyo Bakari."

Mutua alicheka, maskini, alidhani ni mashabiki. "Bakari hayupo, wazee. Mimi ni Mutua."

"Basi Mutua atatusaidia kumtafuta Bakari," akasema yule mwingine, akamshika kiwiko kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

Alitoka na shati la baharia, miguu mitupu. Viatu vyake vilibaki chini ya benchi. Mama muuza mahamri aliyekuwa nje alituambia gari lilizunguka ukumbi likaingia uani kituoni. Hilo ndilo tulilolijua, na kwa siku zile halikuwa dogo.

Wiki ile sikulala kama watu. Kila mbwa aliyebweka alikuwa ananibwekea mimi. Fundi alikwenda kituoni kumwulizia, akaambiwa hakuna mtu huyo. Alikwenda tena, akaulizwa yeye ni nani wake. Akarudi, akaketi mbele ya cherehani, akakanyaga bila kutia nguo. Mama yangu alitaka nirudi Magarini nikalime. "Mwanangu, hao wakikuchukua nitakwenda kumwuliza nani?"

Nilikuwa tayari kurudi. Lakini Fundi aliitwa na yule bwana wa vibali. Akaambiwa mstari ule ukatwe, na Jumamosi ya pili tucheze kama ilivyopangwa. Kutocheza, alisema bwana yule, kungekuwa kama kusema kwamba tuna la kuficha.

"Tucheze na nani?" nikamwuliza. "Bakari wako amechukuliwa."

Fundi alijaribu kulivaa shati jingine la baharia. Alishika nyundo, ikamponyoka ikaanguka. Akaketi chini. "Siwezi, Kadzo. Nikifungua kinywa watanisikia ninavyoogopa." Kisha akasema, "Upande wake uwe mtupu. Weka nyundo na chuma palepale. Wewe cheza wako. Pale penye maneno yake, acha nafasi."

"Watadhani tunawakejeli."

"Hakuna neno hapo la kumshitaki mtu. Kimya hakina kibali wala hakikatazwi."

Nawaambia kwa kazi, si kwa ushujaa: ukiogopa jukwaani, usipigane na hofu ya mwili mzima, huiwezi. Ipe mahali pamoja pa kukaa. Mimi niliipa magoti. Nilifunga kanga mbili, moja juu ya nyingine, ili magoti yakigongana yasionekane, nikaacha mikono na sauti viwe vyangu.

Jumamosi ya pili, mji wote ulijua. Waliingia wakaketi bila gumzo. Hata watoto walinyamaza. Wale wawili waliomchukua Mutua walikaa safu ya mbele, pembeni, karibu na mlango mdogo. Upande wa Bakari: chuma, nyundo, na sanduku alilokuwa akilikalia. Nikaanza.

Mume wangu siku ile sikumweka kwenye bawaba ya mlango. Nilimweka nyuma yangu, kwenye ule ukuta wa kituo. Maneno yote niliyasema mgongo wangu ukijua aliko. Nilipofika pale pa kurudia neno lake alilokosea, hakukuwa na neno la kurudia. Nikangoja kwa urefu ule ule wa pumzi yake, kisha nikasema peke yangu, "Nakukumbuka." Kuna mtu alikohoa akajizuia. Nilipakua sahani mbili. Nikairudisha ya pili.

Kisha nikashika mchi.

Tu-tu. Nafasi. Tu-tu. Nafasi. Ukumbi ulikuwa kimya hata unasikia pumba zinavyodondoka. Tu-tu. Nafasi.

Tu-tu.

Ko.

Nilidhani ni moyo wangu. Nikashusha mchi tena. Tu-tu. Na kutoka nyuma ya ukuta, chini, karibu na sakafu, kitu kigumu kikagonga jiwe: ko. Hasa mahali pake, si mapema, si kwa kuchelewa.

Wanangu, nimeulizwa mara nyingi kama nilifurahi. Labda kwa kiasi cha kupepesa jicho. Nilisema moyoni, yu hai, ananisikia. Halafu nikamwona yule mmoja wa safu ya mbele amegeuza kichwa. Alikuwa anasikiliza. Furaha ikageuka barafu. Kwa sababu kama mimi nimemsikia, yeye naye atamsikia, na huko nyuma ya ukuta hakuna kanga mbili za kuficha magoti.

Kuacha kutwanga nisingeweza. Kimya kingezidi kukifichua kile kishindo cha ukutani. Hivyo nikafanya kitu ambacho sikuwahi kufundishwa na mtu. Nikaiua ile nafasi. Nilitwanga mfululizo, tu-tu-tu-tu-tu, haraka, kwa nguvu zote, ili mchi wangu umfunike. Nilitamani kumjibu kuliko nilivyotamani kitu chochote duniani, na jibu pekee lililokuwa salama lilikuwa kumzima. Mchele uliruka kinuni. Viganja vilichubuka. Na katikati ya mshindo ule bado nilimsikia, ko, ko, anahangaika kunitafuta pale nilipokuwa nimemfungia mlango. Nikamwomba kimoyomoyo: nyamaza, nyamaza, nyamaza.

Ndipo mwanamke mmoja, nyuma kabisa, akaanza kupiga makofi. Si makofi ya kusifu. Ni yale ya wanawake wanaomsaidia mwenzao kutwanga, ya kumtia nguvu. Jirani yake akamfuata. Wakaingia wengine, safu kwa safu, wanaume nao, nyuso zao zimekakamaa, hakuna anayetabasamu. Waliogopa kama mimi. Niliwaona wanavyoogopa, na bado mikono yao inakwenda. Ukumbi ukajaa kishindo, ukuta ukapotea ndani yake.

Yule askari kanzu akainuka. Akatoka kwa mlango mdogo, hakukimbia. Mlango ukajifunga nyuma yake. Mimi niliendelea kutwanga mchele ambao ulikuwa umekwisha kuwa unga.

Baada ya hapo hakuna aliyetuuliza kitu. Hatukuinama kuwashukuru watu, nao hawakungoja. Walitoka mmoja mmoja, na yule mwanamke wa nyuma alipopita karibu nami alivuta buibui akajifunika uso. Sijui jina lake hadi leo.

Mutua aliachiliwa mvua za vuli zilipoanza. Hakuja kwetu, sisi ndio tuliomwendea Kikambala, mimi na Fundi, na viatu vyake ndani ya mkoba. Hoteli haikumrudishia kazi. Alikuwa katika chumba cha rafiki yake, ameketi mgongo ukutani, uso mlangoni. Kifua kile kipana kilikuwa kimekunjika kama nguo iliyooshwa vibaya. Aliposalimia, alinong'ona.

"Dada Kadzo. Fundi. Ketini huku, mbali na dirisha."

Fundi alimpa viatu. Akavitazama kwa muda, akavivaa hapo hapo kitandani, akafunga kamba. Hatukumwuliza walimfanya nini. Ukimjua mtu kwa pumzi, huna haja ya kuuliza. Alituambia anarudi bara kwa mkewe, hataki tena kusikia habari ya jukwaa. Fundi akaitikia kwa kichwa, machozi yakimteremka bila sauti, yeye aliyetukataza kulia.

Mimi sikuweza kujizuia. Nikasema, "Ndugu yangu, nisamehe kwa kukuzima siku ile. Niliogopa watakusikia. Walikufanya kitu kwa ajili ya kule kugonga?"

"Kugonga nini?"

"Ukutani. Siku ya mchezo. Jumamosi ya pili."

Alinitazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya mbali. "Dada, mimi hiyo Jumamosi sikuwa hapo. Walinitoa Ijumaa asubuhi, wakanipeleka Mombasa. Mimi sikusikia mchezo wowote."

Nje mtu alikuwa akiteka maji, ndoo inagonga ukingo wa kisima.

"Basi nani?" Fundi akauliza.

Mutua akatikisa kichwa. "Tulikuwa wengi pale nyuma. Sikuwajua wote. Wengine hatukuonyeshwa nyuso."

Njia nzima ya kurudi Malindi niliwaza. Kuna mtu alikuwa ameketi gizani alasiri ile, hajui kuna mchezo, hajui Bakari wala Mwanaidi. Akasikia mwanamke anatwanga, kama alivyosikia nyumbani kwao labda kila siku ya maisha yake. Akasikia kuna mahali pameachwa. Akapatia. Kisha yule mwanamke akamfungia. Kisha mtu wa suti akatoka kwa mlango mdogo.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, likanila. Halafu asubuhi moja nikapika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, nikatia katika bakuli, nikafunika kwa kitambaa, nikapanda gari hadi mji ule. Nilifunga kanga mbili. Sikumwambia Fundi, angenizuia, nami moyoni nilitamani kuzuiwa.

Kituoni palikuwa na askari mmoja mezani, kijana wa bara, kofia imempwaya.

"Mama, nikusaidie nini?"

"Nimemletea mtu chakula."

"Jina lake?"

"Silijui, mwanangu."

Akaweka kalamu chini. "Hulijui?"

"Alikuwa chumba cha nyuma, kwenye ukuta wa ukumbi. Siku ile ya mchezo."

Uso wake ulibadilika. Akatazama mlango uliokuwa nyuma yake, kisha akainama mbele, sauti ikashuka. "Mama, nenda nyumbani. Nakuomba kama mamangu. Hapa watu huja kuulizia watu wao. Wewe unamwulizia wa nani?"

Ndani kuna mtu alikuwa akitembea, viatu vizito, vinakuja vinarudi. Magoti yangu yaligongana hata kanga hazikutosha. Ningeweza kusema nimekosea njia. Mdomo ulikuwa umekwisha kulitengeneza neno hilo.

"Wangu," nikasema.

Kijana yule alinitazama. Vile viatu vya ndani vikasimama. Akalivuta bakuli upande wake, akalisukuma chini ya meza kwa goti, na kwa sauti kubwa akasema, "Hapa si mahali pa kuuliza njia, mama! Toka!" Halafu kwa sauti ya chini, midomo haichezi, "Bakuli ulifuate kesho."

Nilitoka. Kesho yake nililifuata. Lilikuwa limeoshwa, kitambaa kimekunjwa ndani yake. Nani alikula sikuambiwa, wala sikuthubutu kuuliza. Nikalichukua, nikarudi nyumbani, nikapika tena.